Nilivyopimwa Korona Juu ya Farasi

Wenzangu, bora nijiseme mwenyewe kuliko kusemwa. Yule mwanamume wa kwenye ile video, mwenye helmeti ya zambarau yenye vibandiko vya nyota, aliyekaa juu ya farasi katikati ya foleni ya magari huku anapigiwa honi, ni mimi. Naam, mimi Athman, baba yake Rukia, mtu mzima na ndevu zangu, msukuma vitanda wa hospitali. Nimekana kwa muda mrefu (nilisema video ina giza, nikasema duniani wawili wawili), lakini juzi nimeingia duka la nyama kule Blacktown, hapa Australia, muuzaji akaniuliza mbele za watu kama nimekuja na gari au na mnyama, na duka zima likaangua kicheko. Basi nimechoka kukana. Kaeni niwape kisa chote, na mkicheka chekeni, ila mnisikilize mpaka mwisho, maana aibu yangu ile namshukuru Mungu kwayo kila siku.

Binti yangu Rukia wakati huo alikuwa na miaka kumi na tano. Alizaliwa na nyonga isiyokaa sawa, akapasuliwa mara mbili, na mpaka leo anatembea kwa fimbo. Hilo tulilizoea. Lililotushinda ni korona. Shule ilihamia kwenye kompyuta na yeye akahamia chumbani, na shule ilipofunguliwa yeye hakufunguka. Unamsemesha, anakujibu neno moja, tena kwa Kizungu, tena kupitia mlangoni. Mamake akipika biriani, anachukua sahani yake anarudi nayo ndani. Mie ni mtu wa maneno, nyumba kimya inaniuma tumbo, nikawa nasimama nje ya mlango ule nikimsimulia mambo ya kazini peke yangu mpaka najiona mwehu.

Aliyetushika mkono ni Bi Joan, mama mmoja wa Kizungu anayefundisha kupanda farasi watoto wenye ulemavu, shambani kwake, nje kidogo ya Mount Druitt tunakokaa. Alikuwa na farasi mzee wa mwendo laini. Ngoja nieleze hapo, maana ndipo penye kisa. Farasi wa kawaida akianza kukimbiakimbia anamrusha mtu juu chini, juu chini, na kwa nyonga ya Rukia hiyo ni adhabu. Lakini kuna farasi wengine wana mwendo wao, miguu minne kila mmoja unatua kwa zamu yake, anakwenda kasi na wewe juu umetulia kama umekaa kitini. Bi Joan alipokuwa akinieleza haya kwa picha na mishale nikamkatiza, nikamwambia, mama, usijisumbue, kwetu Lamu punda wa namna hiyo tunasema anakwenda telki, na mimi nimezaliwa Lamu! Tangu siku hiyo nikajiona profesa.

Rukia akawa anampanda yule mzee kila wiki, na akirudi nyumbani anasema maneno matatu, manne. Halafu magoti ya farasi yakaisha, daktari wa wanyama akasema apumzishwe. Rukia akarudi chumbani kwake, akafunga.

Ndipo likatokea tangazo. Mzee mmoja na mkewe, Ross na Dot, shamba lao si mbali na kwa Bi Joan, walikuwa wanahamia nyumba ndogo isiyo na malisho, wanauza farasi jike wa mwendo laini jina lake Kwini. Rukia alitoka chumbani mwenyewe, akaja sebuleni na simu, akatuonyesha picha, mamake na mimi. Akasema kwa Kizungu chake, "Baba, ni huyu. Nikimpata huyu sitaomba kitu kingine." Mamake alilia palepale. Tulikuwa na pesa tulizoweka za tiketi za kwenda Lamu, na mipaka imefungwa, Lamu yenyewe haiendeki, tukatazamana tu, hatukuhitaji kikao. Na Bi Joan, Mungu ampe maisha marefu, akasema Kwini atakaa malishoni kwake, Rukia atalipa kwa kusafisha mabanda. Akaongeza neno moja: "Nisubirini Jumapili. Nitakwenda nanyi, nitampanda mimi kwanza, kisha Rukia."

Jamani, Jumapili ilikuwa na tatizo gani? Haikuwa na tatizo lolote! Lakini mie nikakaa nikafikiri, mtoto wa Lamu nipelekwe kununua mnyama na mwalimu, kama napelekwa shule siku ya kwanza? Kwetu punda hanunuliwi hivyo. Kwetu mnunuzi anakuja mwenyewe, anamtia mnyama kasoro ili bei ishuke, anampanda mtupu bila tandiko, anakwenda naye mpaka mwisho wa njia na kurudi, watu wanatazama. Nikamwambia Rukia tunakwenda Jumamosi. Akaniuliza, "Bila Bi Joan?" Nikamwambia, wewe una baba.

Tukafika mchana. Lango la shamba ni la chuma, lina mnyororo. Nikashuka nikafungua, nikaingiza gari, nikalirudisha lango kwa mguu, na mnyororo nikauacha unaning'inia (nilikuwa na sinia la mahamri mikononi, mkono mtupu haulambwi). Ross alikuwa amesimama na barakoa yake, mrefu, mkavu, mtu wa maneno machache. Dot mfupi, macho yanacheka. Na Kwini hapo uani, rangi ya kahawia, shingo nene, ametulia. Rukia akaenda moja kwa moja akamwekea kiganja puani, na farasi akashusha kichwa. Hapo kama ningekuwa na akili biashara ilikuwa imekwisha.

Lakini wapi. Nikaanza kumzunguka mnyama wa watu, mikono mgongoni. Nikasema miguu hii imepinda kidogo. Nikasema tumbo kubwa, huyu mvivu. Nikamfungua mdomo nikatazama meno, nikatikisa kichwa, nikasema, "Aa, meno haya, mzee, meno haya yana umri." Mimi meno ya farasi siyajui kabisa, hata yangu najua ya mbele tu. Nilidhani Ross atajitetea, tutavutana kidogo, tutacheka, tutakunywa chai, ndiyo raha ya kununua. Ross hakucheka. Shingo ilimgeuka nyekundu taratibu. Akasema, "Bwana, hatuna haja ya kumuuza kwa yeyote tu. Wamekuja watu watano, tumewarudisha wote. Huyu tumemlea sisi. Tunatafuta mikono mizuri."

Nikaona Rukia ananitazama kama ninazama. Nikataka kuokoa hali. Dot akaniuliza kwa upole, "Umewahi kupanda farasi?" Na hapo, ndugu zangu, ndipo ulimi ulipoponyoka. Nikasema, "Mama, mimi nimepanda kabla sijajua kutembea." Si uongo kabisa! Ila sikusema nimepanda nini.

Dot akaenda kuleta tandiko. Nikamzuia, nikasema sisi kwetu tunapanda mtupu. Akanitazama, akamtazama mumewe, akasema basi helmeti lazima, na helmeti iliyokuwepo ni ya Rukia. Nikaivaa. Nikapanda juu ya pipa, nikajitupa, nikafika. Nikatazama chini, nikasema moyoni, la, huyu si punda. Ardhi ilikuwa mbali kama niko ghorofani. Lakini watu wananitazama, na Rukia ananitazama, nikafanya nilivyofundishwa na marehemu babu: nikajisogeza nyuma, nyuma kabisa, nikakaa juu ya makalio ya mnyama, maana punda anapandwa hapo, mbele mgongo wake dhaifu. Miguu nikaining'iniza, visigino nikavibana ubavuni kwa nyuma, nikapiga ulimi, "Tk! Tk! Tk!"

Ross akapiga kelele, "Usikae hapo!" Amechelewa. Nimekuja kuelezwa baadaye kwamba farasi aliyefundishwa, ukimkalia kule na kumbana pale, umemwambia kwa lugha yake fasaha: nenda, tena usisimame. Na Kwini ni mtiifu. Alikwenda!

Na mniamini, dakika ya kwanza ilikuwa tamu kuliko zote za maisha yangu ya Australia. Telki! Telki yenyewe! Sirushwi, sitikiswi, upepo usoni, kiuno kimetulia, ningekuwa na kikombe cha kahawa kisingemwagika. Machozi yalinitoka, wallahi. Nikaachia mkono mmoja nikawapungia. Nikapiga kelele, "Rukia, unaona baba yako?" Tukazunguka uwanja mara moja, mara ya pili tukafika kwenye lango, na lango nililolirudisha kwa mguu upepo ulikuwa umelifungua, na nje barabarani inapita pikapu moja polepole, nyuma imebeba marobota ya majani makavu.

Ross kila alasiri huwalisha wanyama wake kwa pikapu. Anakwenda polepole, anawatupia majani, wanamfuata. Kwa Kwini, pikapu yenye majani ni chakula cha jioni kimewahi kuja. Akageuka, akatoka, akaifuata.

Nikavuta hatamu. Lakini kila nikivuta naogopa kuanguka, nikiogopa nabana visigino, nikibana visigino Kwini anasikia "nenda". Nikamwambia simama kwa Kiswahili, kwa Kizungu, nikamsomea na dua. Na pikapu ile, riziki yangu ya siku hiyo, haikuwa inakwenda mbali. Ilikuwa inakwenda uwanja wa maonyesho, na uwanja wa maonyesho siku zile ulikuwa kituo cha kupima korona, watu wanapimwa humo humo garini.

Mnazikumbuka foleni zile za kabla ya Krismasi? Masaa matatu, manne, watu wako garini na watoto wanalia, kila mtu anataka cheti aende kwa jamaa zake. Pikapu ikaingia kwenye foleni, ikasimama. Kwini akasimama nyuma yake, akanyoosha shingo, akaanza kula majani ya watu. Gari lililokuwa linafuata likapiga honi. La nyuma yake likapiga. Maana katika nchi hii unaweza kusamehewa mengi, lakini kuingia foleni mbele ya mtu hapana. Bwana mmoja akateremsha kioo, akanirushia maneno nisiyoweza kuyarudia, halafu akapiga chafya. Na hakuna anayeruhusiwa kushuka! Kila mtu kafungiwa garini mwake, mimi peke yangu niko juu, wananiona wote, mbele na nyuma, mamia ya macho juu ya barakoa.

Nikasikia sauti ninayoijua. "Papa Rukia! Mungu wangu, ni wewe huko juu?" Papa Espoir, jirani yangu Mkongo, tunaishi naye ukuta kwa ukuta, yuko mstari wa pili na mkewe na watoto wanne, simu imeshatoka dirishani inarekodi.

Nikamwambia, "Usirekodi, yakhe!"

"Sirekodi," akasema, na anarekodi. "Petrol imepanda bei, ee?"

Mkewe alikuwa amelalia usukani kwa kicheko, na watoto wanapiga makofi. Nikataka kushuka, miguu ikakataa, imekufa ganzi. Foleni ikasogea, pikapu ikasogea, Kwini akasogea. Honi. Ikasogea tena. Hivyo hivyo, kituo baada ya kituo, kama msafara wa harusi, mpaka tukafika kwenye hema.

Akatoka mtu kavaa gauni la plastiki, ngao ya uso, glavu, simwoni ni nani. Ana ubao wa fomu. Akaanza kuandika bila kuinua macho, akauliza namba ya gari. Akainua macho. Halafu, kwa Kiswahili cha Nyeri, "Ai! Baba Rukia?"

Wambui! Nesi wa wodi ya nne, ninayemsukumia wagonjwa kila siku, aliyehamishiwa huku kusaidia kupima. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ilikuwa mbali.

"Una dalili?" akaniuliza, sauti inatetemeka kwa kujizuia.

"Sina dalili, Wambui. Nina farasi."

Akageuka akaegemea nguzo ya hema, mabega yanaruka. Aliporudi alikuwa mtu wa kazi. Akasema sikiliza, ukirudi nyuma utagonga magari, pembeni kuna vizuizi, njia ni moja, mbele, na watu wanaopita hapa wanapimwa, na wewe umekaa muda wote huu katikati ya watu wanaokohoa. Kisha wewe ni mfanyakazi wa hospitali. "Fungua mdomo." Akapanda juu ya kiti, akanichokoa koo, akanichokoa pua zote mbili mpaka nikaona nyota za helmeti. Na Kwini? Honi, plastiki zinapepea, mtu kapanda kiti mbele ya jicho lake, mimi napiga chafya juu ya kiuno chake. Hakutikisa hata sikio. Kwenye fomu, pale pa namba ya gari, Wambui aliandika: farasi, kahawia.

Tulipotoka upande wa pili wa hema, Ross alikuwa amefika kwa pikapu yake, Rukia kakaa kando yake. Na hapo nikaona kitu kilichonisahaulisha aibu. Mtoto wangu, aliyekuwa hatoki kwenda dukani asije akatazamwa anavyotembea, akafungua mlango, akashuka na fimbo yake, akaja mbele ya magari yote yale, taratibu, bega linainama na kuinuka, hakumtazama mtu. Akashika hatamu. Kwini akamwekea kichwa kifuani. Rukia akaniambia, kwa Kiswahili, nadhani ili wale wasielewe, "Baba, shuka. Na tafadhali usiseme kitu."

Nikashuka. Niseme nilianguka, ndiyo haki. Niliteleza kwa nyuma, nikatua kwa matako juu ya koni ya barabarani, na video ya Papa Espoir inaishia hapo.

Tuliporudi shambani Ross alifunga mnyororo wa lango mwenyewe, akageuka. "Pole, bwana. Kwini hauzwi." Kwa sauti ya chini tu, kamaliza. Nikamtazama Rukia. Hakulia. Aliinamisha uso, nikauona mlango wa chumba chake unajifunga, mimi nimesimama nje tena, na safari hii mimi ndiye niliyeufunga.

Nikavua helmeti. Nikasema, mzee Ross, mama Dot, mimi sijawahi kupanda farasi. Nimepanda punda. Mnyororo niliuacha mimi. Meno ya farasi siyajui, miguu yake haikupinda, na tumbo lake ni zuri kuliko langu. Niliwaambia uongo kwa sababu nilitaka binti yangu anione mjuzi. Mkitaka kunikasirikia mna haki, lakini yeye hakukosa kitu, tangu nyumbani aliniuliza mbona tunakuja bila mwalimu wake. Msimhukumu kwa kichwa cha baba yake.

Dot akamwendea Rukia (si mimi, hakunitazama hata kidogo) akamuuliza, "Wewe ungemkalia wapi?" Rukia akasema pale katikati, nyuma ya mabega. "Na ukitaka asimame?" Akasema nakaa vizuri, nashusha pumzi, nalegeza miguu. Dot akaleta tandiko. Yeye na Ross wakamkweza Rukia. Kwini akaondoka kwa hatua, kisha Rukia akafanya kitu sikukiona, kidogo hivi, na ikaja telki ile ile, ila sasa ina mwenyewe. Nilikuwa nakitazama kiuno chake. Hakikuruka. Akapita mbele yetu akicheka, anacheka kwa sauti, sijaisikia sauti ile kwa karibu miaka miwili, nikashika uzio kwa mikono miwili.

Ross akajifuta macho juu ya barakoa. "Farasi aliyempitisha mpumbavu kule bila kumwangusha," akasema, "atamtunza mtoto huyu." Akachukua karatasi, akaandika jina la Rukia peke yake, na chini yake sharti: baba wa mnunuzi hatampanda farasi huyu maisha yake yote. Nikatia sahihi. Sijawahi kutia sahihi kwa furaha kama ile, hata siku ya ndoa (Mama Rukia anajua, anasamehe). Na mahamri, Dot alikula matano.

Majibu ya kipimo yalikuja kesho yake, sina korona. Bi Joan hakuzungumza nami wiki mbili. Papa Espoir alisambaza video mpaka Goma, na namshukuru pia, maana Rukia aliitazama mara ishirini, na kila mara anacheka. Wambui nikimwona wodini namfungulia mlango kama malkia. Ross na Dot huja kila mwezi kumtazama Kwini, tunakaa pamoja uzioni, na mie nimejifunza kuulizwa swali nikajibu "sijui", neno dogo, haliumi hata kidogo. Nimeapa: palipo na anayejua, mimi nitamshikia begi tu.

Usiku ule wa Jumamosi mamake alipakua pilau. Rukia akakaa nasi mezani. Akaanza kusimulia, Kizungu kidogo, Kiswahili kidogo, jinsi Kwini anavyopumua, jinsi baba alivyopungia mkono, alichosema Dot, akasimulia mpaka pilau ikapoa, mpaka chai ikaletwa. Mara tatu nilifungua mdomo kutia langu, sikupata nafasi. Na mie mwenye mdomo wote huu nikaufunga, nikala, nikamsikiliza mwanangu anasema.